Pochi ya Ndugu Mihayo

Jumamosi, 30 Agosti 1975. Kilosa

Pochi imekwisha! Nimepitisha kingo zake shavuni, kisha kwenye midomo, na hazikunikwaruza. Laini kama kokwa la ukwaju.

Nina sababu ya kushona pochi, nami si fundi. Ofisini anatafutwa karani mmoja wa kupelekwa kuwa katibu wa kijiji kipya, mbali huko nyuma ya Rudewa. Kijiji hakina nyumba bado. Kina bendera. Dereva aliyepeleka bendera anasema simba hupita hapo kwenda kunywa maji na hawaonyeshi dalili ya kuhama. Mwenye kuchagua ni mkuu wetu wa ofisi, Ndugu Cleopa Mihayo. Tunaoweza kuchaguliwa ni wawili, mimi na Melkizedek. Melkizedek amekwisha kumpelekea kuku ili aachwe hapa. Mimi sina kuku. Nina mikono.

Nimejiuliza kama hii ni rushwa. Nimefikiri sana. Rushwa huwa na kitu ndani. Pochi yangu ni tupu. Kwa hiyo ni kazi ya mikono tu, na kazi ya mikono ndiyo kujitegemea. Nimetulia.

Ngozi nilinunua Mikumi nilipotumwa huko kwa treni kupeleka bahasha. Mtu mmoja nyuma ya stesheni, anaitwa Paulo, alinitolea kipande kutoka ndani ya gunia. Nyeusi kama imekaa motoni, imara. Nikamwuliza ni ngozi ya nini. Akasema ukioa uliza mama wa binti, lakini ukinunua ngozi usiulize mama yake. Nikaona ni busara ya wazee. Nikaondoka.

Mishono: upande wa kushoto umelewa, upande wa kulia umepata fahamu. Alama za matundu nilizipata kwa uma wa Mama Natalia, mwenye nyumba wangu. Ukiukandamiza uma kwenye ngozi, meno yake yanaacha vishimo vilivyopangwa kama askari. Kisha unatoboa kwa msharasi. Uzi ni katani ya Kimamba iliyopakwa nta, na sindano ni mbili, kila moja inapita tundu lile lile kutoka upande wake. Kwenye kona moja uma uliteleza. Hapo mishono mingine inakwenda Dodoma na mingine inakwenda Iringa.

Lakini kingo! Nilikata kwa wembe, nikapiga msasa, nikalowesha kwa mate kwa sababu maji ya bomba yalikatika, nikasugua kwa mfupa wa mbuzi mpaka ukapata joto, nikapaka nta, nikasugua tena. Tabaka mbili za ngozi sasa huwezi kusema zilikuwa mbili.

Mama Natalia ameuliza uma wake uko wapi. Nimesema nitaangalia.


Jumatatu, 1 Septemba

Nimeitoa. Mafanikio makubwa.

Ndugu Mihayo aliigeuza huku na huku, akaifungua, akainusa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Akaita ofisi nzima waje kuona. Akasema sikujua mkimbia mizigo huyu ana mikono.

Mkimbia mizigo ni mimi. Ndugu Mihayo ni Mnyamwezi na mimi ni Mkaguru wa Berega. Makabila yetu ni watani tangu babu zao walipokuwa wanapita kwetu na misafara, mizigo kichwani. Anasema babu zangu waliiona ile mizigo wakapanda milimani ili wasisaidie kubeba. Mtani hukutukana mbele za watu, nawe unatakiwa umtukane. Hukupokonya kofia, nawe unampokonya kuku wake. Anayekasirika ndiye mkosaji. Haya yote nayajua tangu utoto. Lakini mkuu wa ofisi ni mkuu wa ofisi. Kila akinichokoza mimi hujibu, Shikamoo, Ndugu. Naye hunitazama kwa muda, kana kwamba bado kuna kitu kinakuja. Hakuna kinachokuja.

Pochi ameitia mfuko wa kifuani. Melkizedek alisema ni nzuri sana. Alisema hivyo kama mtu anayemeza kwinini.

Nimelala mchana baada ya kazi. Nimeota bendera, lakini ilikuwa mbali.


Jumanne, 2 Septemba

Nimekwisha.

Asubuhi Ndugu Mihayo ametangaza kwamba Ijumaa anakuja mhifadhi kutoka Mikumi, Ndugu Onesphory. Hoteli ya watalii inataka vitu vya mikono vya wenyeji, naye anakuja kuona tulivyo navyo. Tunavyo vikapu, mikeka na kinu kimoja chenye ufa. Na pochi, akasema Ndugu Mihayo, akijipigapiga kifuani. Ataitoa yeye mwenyewe kama sampuli.

Nilifurahi kama nusu saa. Kisha Melkizedek akasogeza kiti chake mpaka kwangu. Akauliza ngozi ile nilinunua wapi. Nikasema Mikumi. Akapiga mluzi. Akauliza tena, kwa upole kabisa, huko Mikumi wanafuga nini. Nikasema sijui. Akasema na yeye hajui, ila anajua kilichopo ng'ambo ya barabara kina pembe na hakina mwenyewe isipokuwa serikali. Rangi ile, akasema, unene ule. Kama si nyati, basi yeye haitwi Melkizedek.

Anaitwa Melkizedek. Nimeona cheti chake cha ubatizo.

Nyara za serikali! Mimi, niliyemaliza kidato cha nne kwa vyeti safi, nimeua nyati. Au nimemshona, sijui sheria inatofautisha vipi. Na nimemtia mkuu wangu nyati huyo mfukoni, naye atamtoa Ijumaa mbele ya mhifadhi na kumwambia, tazama, imeshonwa na Gabrieli.

Ugali wa jioni ulikuwa wa yale mahindi ya njano wanayoyaita Yanga. Haukupita. Mama Natalia alidhani ni unga.


Jumatano, 3 Septemba

Mpango wa kwanza: kumwambia Ndugu Mihayo kwamba kingo hazijaiva. Aniazime pochi niende nayo nyumbani nizisugue upya, kisha kwa bahati mbaya itapotea njiani, chooni, shimoni.

Nikaingia. Shikamoo. Marahaba, mkimbia mizigo, umekuja kukimbia nini leo? Nikaeleza habari za kingo, kwamba ukingo usioiva hufumuka mvua zikianza, tabaka zinaachana kama mume na mke. Nilijieleza vizuri mno. Akaogopa. Akasema basi zisugue, lakini hapa hapa, aone inavyofanyika, maana Ijumaa atataka kumweleza mgeni.

Nikasugua mbele yake hadi saa ya kutoka. Maji, mfupa, nta, kitambaa. Alishika ncha moja ya pochi muda wote! Kadiri nilivyosugua ndivyo ukingo ulivyozidi kung'aa, na kadiri ulivyong'aa ndivyo alivyoipenda. Mwisho ukingo ulikuwa mweusi, wa mviringo, kama umeyeyushwa na kumiminwa. Nimeona kazi za maduka ya Wahindi Morogoro. Hawanifikii. Sijawahi kufanya kazi nzuri namna hii, na sijawahi kuomba Mungu kitu kiharibike kiasi hiki.

Ameirudisha mfukoni akafunga kifungo. Kifungo hicho zamani hakuwa akikifunga.

Jioni, mpango wa pili. Nitashona pochi nyingine, pacha wa ile, kwa ngozi ya ng'ombe wa halali. Kesho nitazibadili akiwa mezani. Ngozi ya ng'ombe ninayoijua ukoo wake ni moja tu, begi langu la shule alilonipa baba siku naondoka Berega. Nimelikata. Samahani, baba. Nimelipaka rangi ya viatu ili liwe jeusi.

Tatizo halikuwa ngozi. Tatizo ni kwamba nimekuwa fundi. Mishono ya kushoto imetoka imenyooka! Nimeifumua nikashona tena kwa mkono uliolegea, ikanyooka tena. Nimejaribu kufumba jicho moja. Nimejaribu kuufanya uma uteleze pale penye kona ya Dodoma na Iringa, ukakataa. Ule ulevi wa pochi ya kwanza haurudi. Mtu hawezi kusahau anachokijua hata kwa kifungo cha gerezani.


Alhamisi, 4 Septemba

Tusizungumze.

Basi nizungumze. Ndugu Mihayo aliweka pochi mezani alipokwenda kunawa. Nikabadili. Mkono haukutetemeka hata kidogo, nilijivunia. Akarudi, akaichukua, akaitazama, akasema hii si yangu. Nikauliza kwa nini. Akasema yake ina mishono iliyogombana pale pembeni, na ndiyo sababu anaipenda, inamkumbusha mikutano ya ofisi hii.

Ikanibidi kutoa ile ya kwanza kwapani. Nikasema nilitaka kumshangaza. Akashangaa. Akasema hakuna karani mwingine Kilosa nzima ambaye angemshonea mkuu wake pochi mbili. Akachukua zote. Ya pili atampa mama nyumbani. Ahsante sana, mkimbia mizigo. Shikamoo, nikasema. Melkizedek alicheka mpaka akaenda kusimama nje.

Sasa sina nyati, sina ng'ombe, wala sina begi.

Nimemwambia Mama Natalia kila kitu, pamoja na habari za uma. Ameanza na uma. Alipomaliza akaniuliza huyo mkuu wangu ni kabila gani. Nikamwambia. Akaniangalia kama mtu anayemwona mwenzake akifa kwa kiu na mtungi uko mgongoni.

"Wewe ni mtani wake," akasema. "Mpokonye."

Nikasema siwezi. Akasema nani atakushtaki? Mtani akipokonya amepokonya. Mwenyewe atacheka, ataona aibu kuidai, nawe utaitupa mtoni Mkondoa na mambo yamekwisha. Huyo mzee amekuwa anakuomba umtanie tangu ufike hapa, nawe unampa shikamoo kama sadaka.

Ni kweli. Ni halali kabisa. Ni mila. Inahitaji tu niwe mtu mwingine.

Tumefanya mazoezi uani. Yeye alikuwa Ndugu Mihayo na kopo la dagaa lilikuwa pochi. Maneno tumechagua haya: Mpagazi habebi pochi, hubeba mzigo, lete hapa! Kisha napokonya, nacheka, natoka mbio. Amesema maneno ni mazuri lakini napokonya kama mtu anayepokea sakramenti. Tumerudia mpaka kopo likabonyea.


Ijumaa, 5 Septemba

Nimefanya. Naandika kwa mkono ambao bado una ganzi.

Gari la hifadhi lilifika kabla ya chai. Ndugu Onesphory ni mtu mrefu, sare ya kijani, buti zinazosikika kabla hajaonekana. Nikaagizwa niwapelekee chai. Vizuri. Huo ndio ulikuwa mlango wangu. Nikachungulia. Ndugu Mihayo ameketi, pochi iko mkononi mwake, anaeleza habari za kingo, za mfupa na za nta, neno kwa neno kama nilivyomweleza. Nikajiambia sasa.

Nikaingia na sinia. Vikombe vilikuwa vinaongea vyenyewe, ikabidi niviangalie vyenyewe, si wao, chai isimwagike. Nikaweka sinia. Nikainua macho kidogo tu, nikaona pochi, nikaona mkono. Nikafumba macho.

"Shikamoo, mpagazi!"

Ile shikamoo haikuwa kwenye mazoezi. Ilitoka yenyewe. Nikaendelea, mpagazi habebi pochi, hubeba mzigo, lete hapa! Nikavuta. Haikuja. Nikavuta tena. Nikafumbua macho.

Mkono wa shati ulikuwa wa kijani.

Kijiko kiliteleza kwenye sinia na kila mtu akakisikiliza mpaka kikatulia.

"Marahaba," akasema mhifadhi, polepole. "Mpagazi ni nani?"

Nikamtazama Ndugu Mihayo. Mdomo wake ulikuwa wazi. Melkizedek alikuwa mlangoni ameshika bakuli la sukari ambalo hakuna aliyemwagiza, na sukari yenyewe ofisini haikuwepo tangu Julai. Mhifadhi alikuwa bado ameshika pochi na mimi bado nimeishika. Akasema yeye kwao ni Upare, hajui kama ana mtani Kilosa, ila kama yupo angependa kujulishwa.

Hapo nikaketi sakafuni, nikasema yote. Mikumi, stesheni, gunia, nyati. Nikasema mkuu wangu hana hatia, alidhani ni zawadi. Nikasema begi la shule nalo ni ng'ombe, lisihusishwe. Nikaomba, kama itawezekana, nifungwe Morogoro, kwa sababu shangazi yangu anakaa karibu na gereza.

Mhifadhi akaipeleka pochi dirishani. Akaikunja, akaikunjua. Akakwaruza ndani kwa ukucha. Akanusa. Akatazama ukingo muda mrefu kuliko yote.

"Nyati?" akasema. "Bwana mdogo, ngozi ya nyati ungevunja sindano zote za Kilosa na usimalize upande mmoja. Huyu ni ng'ombe. Tena ng'ombe mzee, amekufa kwa ukame wa mwaka jana. Tazama hapa, kupe wametoboa kabla yako."

Ng'ombe! Ng'ombe mzee wa kupe! Hakuna mtu aliyewahi kufurahi hivi kwa kuuziwa mzoga. Ningeweza kumbusu yule ng'ombe, popote alipo, na kupe wake wote. Nilitaka kusimama nikashindwa, nikabaki sakafuni nacheka kama mtu aliyetekenywa.

Ndipo Ndugu Mihayo akaanza naye. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema tangu misafara ya babu yake haijapata kutokea. Mkaguru mmoja amepata moyo wa kupokonya, akafumba macho, akaipokonya serikali! Mhifadhi akacheka pia, kwa sauti ya buti zake. Akasema mishono ya kushoto ni ya aibu lakini ukingo ule hajauona popote, watalii wataupenda. Ndugu Mihayo akatuma mtu nyumbani kwake ikaletwa pochi ya pili. Mhifadhi akasema ahaa, hii ndiyo kazi, mshono umenyooka. Akaagiza moja kwa ajili yake mwenyewe. Nitumie ngozi nzuri, akasema, nisiwe na haraka.

Nimekunywa chai isiyo na sukari. Sijapata kunywa chai tamu kama ile.


Jumamosi, 6 Septemba

Hewa ya Kilosa ni nzuri. Nilikuwa sijawahi kuiona.

Uamuzi umetoka. Anakwenda Melkizedek. Ndugu Mihayo aliniita peke yangu akaniambia amefikiri sana. Kuku alikuwa mtamu, akasema, na pochi ni nzuri, lakini hivyo havikuingia kwenye hesabu, yeye si mtu wa namna hiyo.

"Nikikupeleka wewe porini," akasema, "hapa nitamtania nani? Melkizedek nikimchokoza ananuna."

Kisha akanitazama kwa ule mtazamo wake wa kungoja. Nikaelewa. Nikasema, Shikamoo. Akangoja. Nikasema, mpagazi. Akapiga meza kwa furaha, akasema taratibu, taratibu, mtoto anatambaa.

Melkizedek ameniomba tochi. Nimempa na betri. Nimempa pia ushauri kuhusu simba, kwamba asikimbie. Alisema ahsante kwa sauti ileile ya kwinini. Namhurumia kweli. Nimeimba njia nzima kurudi nyumbani.

Uma nimeurudisha. Jino moja limepinda. Mama Natalia amesema hata mimi nilikuwa nimepinda na sasa nimenyooka kidogo, basi ngoma sare.


Jumapili, 7 Septemba. Mikumi

Nimekosa ibada. Mungu anajua kwamba nina kazi ya mtu mkubwa.

Nimekuja na treni ya asubuhi. Paulo yupo palepale nyuma ya stesheni. Nilitaka kwanza kumsema kwa kuniuzia mzoga, lakini ndiye mwenye ngozi peke yake, nikamwamkia vizuri. Nikamwambia safari hii nataka ngozi nzuri kupita zote, inakwenda kwa mkubwa. Akauliza mkubwa wa wapi. Nikasema wa hifadhi. Akafunga gunia.

Nikambembeleza sana. Nikamwambia mimi si mtu wa maneno mengi, nikipewa kitu sipeleki habari. Akatazama kulia na kushoto, akanipeleka nyuma ya kibanda, akafungua gunia jingine lililokuwa chini ya kuni.

Sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Laini kama shavu la mtoto, rangi ya mchanga, na madoa meusi yamejipanga kama maua. Anasema ni mbuzi wa milimani. Mimi nimezaliwa milimani na mbuzi wa namna hiyo simkumbuki, lakini nilikwenda shule ya bweni mapema. Moyo ulitaka kuanza kudunda. Nikaukemea. Wiki nzima nimeogopa nyati akawa ng'ombe. Mtu mwenye elimu hawezi kurudia hofu za kijinga namna ile.

Nimeshapanga. Madoa yatakaa nje, pande zote mbili, yaonekane. Mishono kwa mstari mmoja, bila kona ya ugomvi. Ukingo nitausugua mpaka mhifadhi auone uso wake humo. Na sitampa mtu anipelekee. Nitaipeleka mwenyewe langoni kwake, mbele ya askari wake wote.